Bampa lako limeachia tena? Geuza usome nyuma kabla hujamwita fundi tapeli

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana kuna jambo linanikera muda sasa, na juzi nimesoma humuhumu msomaji mmoja analalamika kwamba mafundi wa bodi ni matapeli, kaunganishiwa bampa kwa gundi ya epoksi, kalipa, rangi ikapigwa vizuri tu, haukuisha hata mwezi likaachia palepale lilipopasuka. Mi ni fundi wa bodi hapa Temeke, kazi hiyo ndo inanilisha, na siandiki kumtetea huyo fundi wake maana simjui. Ila kilichompata nakijua, kinatokea kila siku kwenye magereji yetu, na wala si lazima fundi awe mwizi ndo kitokee. Fundi anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bampa likaachia.

Kwenye gari moja plastiki zipo za kila namna, na gundi inayoshika hii haishiki ile. Bampa siyo sawa na sho (ile grili ya mbele), sho siyo sawa na kioo cha taa, kioo cha taa siyo sawa na tenki la rejeta. Sasa wengi wetu tunakwenda dukani mtaa wa Gerezani tunaomba "epoksi ya plastiki", muuzaji anatoa tyubu mbili kwenye kadi, picha ya gari nzuri mbele, maelezo kwa Kichina au Kiingereza cha herufi ndogo huwezi kuyasoma hata ukivaa miwani, tunarudi kijiweni tunapaka. Hapo ndo shughuli inapoharibikia, kabla hata hujafungua kifuniko.

Msomaji yeyote mwenye gari akijaribu hili atanielewa. Bampa likishushwa, ligeuze, chukua maji ya sabuni na brashi utoe tope lote la upande wa ndani, utakuta sehemu kuna maandishi yamechapwa humohumo kwenye plastiki, katikati ya vialama viwili vinavyotazamana, hivi >PP<, au >PP+EPDM<, au >PP+E/P-TD20<. Hiyo PP ni kifupi cha polipropilini, jina la plastiki yenyewe, na TD20 maana yake wameweka unga wa madini ya talki asilimia 20 ili bampa liwe gumu kidogo lisichezecheze. Na hizi Toyota zetu za kutoka Japani unaweza ukakuta limeandikwa TSOP, wengine wanadhani ni namba ya spea, siyo, ni plastiki ambayo Toyota walianza kuitumia mwaka 1991 na ni ukoo uleule wa PP. Kwenye sho mara nyingi utaona ABS. Kioo cha taa ya mbele PC, kioo cha taa ya nyuma mara nyingi PMMA, tenki la rejeta PA66-GF30, yaani nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo asilimia 30. Wenye kiwanda wamekuandikia bure kabisa, kazi yako kusoma tu, lakini nenda gereji kumi uulize nani anageuza bampa asome, utashangaa.

Sasa hiyo PP ndo mkorofi. Haipendi kitu kigandie juu yake. Mwagia tone la maji kwenye bampa safi ambalo halina rangi utaona linajikusanya linakimbia kama kwenye jani la mgomba, na gundi nayo inafanyiwa hivyohivyo, haitandazi ikaingia, inakaa tu juu. Epoksi ya kawaida ukiipaka kwenye chuma, mbao, faiba, hata ABS iliyopigwa msasa, inashika mpaka unasahau. Ukiipaka kwenye PP tupu inakauka vizuri sana, inakuwa ngumu, unaipiga msasa inatoa vumbi safi, unapiga rangi, mteja anacheka. Ila ingiza ncha ya kisu pembeni uinue, kinatoka kipande kizima, na ukikigeuza utaona upande wa chini unang'aa. Hapo ujue haikushika hata sekunde moja, ilikuwa imelala tu pale ikisubiri boda la kwanza ligonge au tuta la kwanza.

Na kinachonichekesha zaidi ni hiki. Fundi anachanganyia epoksi yake kwenye kikopo cha siagi, na vikopo hivyo vingi ukivigeuza chini vimeandikwa PP. Kesho yake asubuhi anakiminya kidogo tu, mabaki yote yaliyoganda yanaruka nje kikopo kinabaki kisafi tayari kwa kazi nyingine. Anafurahi. Halafu gundi ileile anaipeleka kwenye bampa la PP anategemea idumu miaka miwili. Jibu lilikuwa mkononi mwake.

Sisemi epoksi haifai, nisieleweke vibaya, mi naitumia. Ila PP inataka kuandaliwa. Osha kwanza kwa maji na sabuni, usianze na thina, maana ukianza na thina kwenye bampa lenye mafuta na zile polishi za kung'arisha unazisambaza tu zinaingia mpaka kwenye ufa. Likauke. Kisha toboa tundu dogo, biti ya milimita 3 inatosha, pale mwisho wa ufa, vinginevyo ufa utaendelea kutembea chini ya kazi yako nzuri. Chonga ufa uwe na umbo la V pande zote mbili, mbele na nyuma, piga msasa namba 80 kwa mkono, na kama unatumia grenda nenda taratibu sana maana PP ikipata joto haisagiki, inayeyuka inajipaka, unabaki na uso laini kuliko ulioanza nao. Baada ya hapo ndo unapitisha moto wa gesi, ule ulimi wa bluu, haraka haraka bila kusimama sehemu moja, mpaka ukimwagia maji yatandae yasikimbie. Moto unabadilisha ngozi ya juu ya plastiki ndo ikubali kushikwa. Au unatumia praima ya plastiki ile maalumu ya kushikisha, inapatikana kwenye maduka ya rangi za magari ukiuliza vizuri, siyo ile praima ya kijivu ya chuma. Upande wa nyuma unaweka kitambaa cha faiba kilicholowa epoksi kivuke ufa kila upande, maana nguvu inatoka nyuma, mbele ni sura tu. Na epoksi yenyewe iwe ile inayonyumbulika, iliyotengenezwa kwa mabampa, kwa sababu bampa kazi yake ni kujikunja na kurudi, sasa ukiweka juu yake kitu kigumu kisichojikunja, kimoja kinakwenda kingine kinabaki, lazima viachane.

Kusema ukweli kwa ufa mrefu wa bampa mimi natanguliza kuchomelea, plastiki kwa plastiki. Unachukua bampa bovu lenye maandishi yaleyale, unakata vijiti vyembamba, unayeyusha kwa hewa ya moto au ile pasi ya kuchomea risasi, unazamisha na wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, inakuwa kitu kimoja. Epoksi inakuja mwishoni kujaza mashimo na kuweka sura. Halafu watu wanayachoma moto mabampa mabovu nyuma ya gereji moshi mweusi mtaa mzima unakohoa, kumbe pale panateketea vijiti vya mwaka mzima.

Kuna jamaa watauliza mbona hujasema kushona kwa waya, au supagluu na bekingi soda. Kushona kwa waya mi siwezi kukucheka, bampa lililoshonwa halidanganyi mtu, kila mpita njia anaona. Supagluu na bekingi soda inaganda papo hapo, inafaa kwa kakipande kadogo kwenye sho au sikio la klipu ndani ya dashibodi, lakini ni kavu mno, inavunjika kama biskuti ikipata mtikisiko, na inapoganda inatoa joto na moshi unaochoma macho, usiinamie juu yake. ABS ndo raha, yenyewe ukilowesha vipande vyake kwenye asetoni unapata uji mzito wa ABS hiyohiyo, unaziba nao. Ila asetoni hiyo au thina usithubutu kugusisha kwenye kioo cha taa ya mbele, PC inapasuka vinyufa vidogo vidogo utadhani buibui kapita, na hakuna polishi itakayovitoa.

Sasa nirudi kwa mteja maana na yeye ana yake. Kwetu ni hivi, mtu anakuja saa kumi jioni na IST, bampa la mbele limepasuka kuanzia kwenye taa ya ukungu mpaka chini, anakwambia "fundi, nahitaji saa kumi na mbili, nina sendofu". Unamwambia kaka hii inalala hapa, gundi inataka muda. Anakujibu "we tia hadina (ile dawa ya kugandisha) nyingi, mbona puti mnafanya". Na fundi mwenye njaa anatia.

Hapo pana kosa ambalo hata mafundi wazoefu wanalifanya, nalieleza taratibu. Puti tuliyoizoea, ile ya kwenye kopo na kityubu chekundu, ni kweli ukiongeza hadina inawahi kukauka, maana hadina yake ni kichochezi tu, asilimia 2 hivi inatosha kuwasha kazi. Epoksi haiko hivyo. Kwenye epoksi hadina siyo kichochezi, ni nusu ya mwili wenyewe, kila chembe ya huku inatafuta mwenzake wa kule, kama wameandika moja kwa moja basi ni moja kwa moja, kama ni mbili kwa moja basi ni hivyo. Ukizidisha, ile hadina iliyokosa mwenza inabaki humo ndani mbichi, kazi inakuwa laini na ya kunatanata hata ukiisubiri mpaka Idi. Ukitaka iwahi, ongeza joto, iweke juani au karibu na taa, joto likipanda nyuzi 10 inakaribia kwenda mara mbili ya mwendo wake. Bahati nzuri Dar joto tunalo. Na zile zinazoandikwa dakika 5, hizo dakika ni za kuanza kuganda tu, nguvu zake kamili zinataka kama saa 24. Mtu analitoa gari baada ya nusu saa, anapanda tuta, analaumu gundi.

Kingine cha Dar na mikoa ya pwani ni unyevu. Msimu wa masika ukipaka epoksi jioni, asubuhi unakuta juu kuna kitu cha mafutamafuta hivi, ukipitisha kidole kinateleza. Hicho kinatoka kwenye hadina ikikutana na unyevu wa hewa, na ukipiga rangi juu yake rangi inabanduka kama karatasi. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa, ndo uje msasa. Usianze na msasa, unakisukumia ndani.

Mpaka hapa nimeongelea sura ya gari, ambayo ikiharibika unaona aibu tu barabarani. Kuna sehemu ambazo nikiona mtu kapaka epoksi nanyamaza kwanza, halafu namwambia atoe.

Tenki la rejeta. Ule mdomo wa plastiki wa juu ukipata ufa watu wanaziba kwa epoksi na wanaendesha. Angalia kifuniko cha rejeta yako kimeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndo presha, kwa kipimo cha bar hivi, inayoweza kufika humo ndani juu ya hewa ya kawaida, na maji yana nyuzi 90 na zaidi. Epoksi nyingi za dukani zinaanza kulainika kwenye nyuzi 50 au 60. Hapa mjini kwenye foleni unaweza ukabahatika siku mbili tatu, ila panda mlima Kitonga na familia nyuma na mizigo juu halafu nisimulie. Tenki la rejeta linabadilishwa, au rejeta nzima. Tenki la mafuta la plastiki sitaki hata kuliongelea, lile ni PE, binamu wa PP, halishiki gundi, na humo ndani kuna petroli.

Halafu dashibodi na usukani. Gari zikikaa juani sana dashibodi inapasuka, na mwenye gari anataka irudi mpya. Mafundi wanajaza epoksi, wanasawazisha, wanavalisha ngozi, unaona kazi imependeza. Lakini upande wa abiria chini ya ile dashibodi pana eabegi (ule mfuko wa hewa wa kukinga abiria kwenye ajali), na pale katikati ya usukani pana nyingine, na vile vifuniko kwa ndani vimetengenezwa na mistari myembamba makusudi ili ikilipuka vichanike hapohapo kwa kufumba na kufumbua. Sasa umejaza epoksi na kitambaa cha faiba juu ya huo mstari, siku ya ajali ama itachelewa kutoka ama kitaruka kipande kigumu kikufuate usoni. Mteja akiniletea ya hivyo namwambia mama, au mzee, hapa siweki kitu, tafuta dashibodi nyingine Ilala kwa wauza spea za Japani. Wengine wanaondoka wamenuna wanakwenda kwa jirani. Sawa tu.

Taa za mbele nazo ziko katikati. Masikio ya kushikia taa yakivunjika unaweza kuyajenga upya, lakini body ya taa nyingi ni PP yenye talki mpaka asilimia 40, kwa hiyo maandalizi ni yaleyale niliyosema, na ukishamaliza lazima uelekeze mwanga upya ukutani, siyo unaifunga tu taa inaangalia juu ya miti au inampiga machoni dereva anayekuja.

Kwa wanaonunua magari ya mkononi, sumaku mnayotembea nayo kupima puti kwenye milango haisaidii kitu kwenye bampa. Inama, washa tochi ya simu, angalia upande wa ndani wa bampa. Ukiona kitambaa cha faiba, wavu, au doa gumu lenye rangi tofauti, basi limeshafanyiwa kazi. Haimaanishi usinunue. Bonyeza pale kwa dole gumba kutoka ndani, likijikunja pamoja na sehemu zake za jirani bila kulia, kazi ni nzuri. Likitoa sauti ya kukatika, shusha bei.

Na sisi mafundi wenyewe tujihurumie. Hadina ya epoksi ukiishika kwa mikono mitupu mwaka hadi mwaka ngozi inaanza kukataa, vipele, kuwashwa, kupasuka, na mzio ukishakushika hautoki, mtu anaacha kazi. Vaa glavu za naitraili, siyo zile nyembamba za mpira wa lateksi, maana hizo hadina inazipenya. Hadina ya rangi za kuchanganya yenyewe inakwenda kwenye mapafu, inaleta pumu, na tambara ulilofunga puani halizuii hiyo, kinatakiwa angalau kile kifaa cha kuvaa chenye vichujio vya mkaa. Vijana wetu wanapuliza rangi wamevaa fulana wameivuta puani. Na usichanganye epoksi nyingi kwenye kikopo kirefu halafu ukaenda kunywa chai, ikikaa kwa wingi inajipasha yenyewe mpaka inafuka moshi, itandaze kwenye kipande cha kigae, itakupa na muda mrefu zaidi wa kufanyia kazi.

Sasa ombi langu, Mhariri, na ndo hasa nililokuandikia. Kwanza VETA na vyuo vya ufundi wanaofundisha bodi za magari, mtoto anafundishwa kunyoosha bati na kuchomelea chuma vizuri tu, plastiki nayo ipewe nafasi yake ya kutosha, kusoma alama, kuchomelea, kuandaa PP, maana gari la leo ukiligonga mbele kinachovunjika kwanza ni plastiki, bati unalikuta baadaye. Pili TBS, shirika la viwango, na waagizaji wa hizi gundi, tunaomba maelekezo ya Kiswahili kwenye pakiti, siyo kurasa na kurasa, mistari mitano sita inatosha, inashika plastiki gani na haishiki ipi, uwiano wa kuchanganya, muda wa kusubiri kabla ya kuendesha, inavumilia joto nyuzi ngapi, na uvae nini mkononi. Haya mambo yapo kwenye karatasi za kiwanda, mengine yameandikwa mpaka kwa Kireno, kwa hiyo siyo siri na siyo gharama ya kumuumiza mtu.

Na yule msomaji aliyelalamika, kama bado unalo hilo bampa usilitupe. Lirudishe kwa fundi wako, mwambie atoe kile kipande kilichoachia, mtazame pamoja upande wake wa chini kama unang'aa, na mgeuze msome nyuma. Kama inang'aa na nyuma pameandikwa PP, basi mwambie aanze upya kwa sabuni na moto, na gari umwachie mpaka kesho yake.

Nawasilisha.

Fundi wa bodi,
Temeke, Dar es Salaam